Cherehani kwenda, mwipwa kurudi: siku tano na R 1150 R kati ya Lubumbashi na Kolwezi

Alhamisi. Lubumbashi – Likasi, kilomita kama 120

Jua halijachomoza, niko uani kwangu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, nimechutama na tochi mkononi, naangalia kioo cha mafuta. BMW R 1150 R ina kidirisha cha mviringo ubavuni kushoto mwa injini. Huchomoi kijiti, hufungui kifuniko, unatazama tu. Sharti lake ni kwamba pikipiki iwe imesimama wima kwenye stendi ya katikati na injini iwe imetulia. Ukiiegemeza kwa stendi ya pembeni, mafuta yanakimbilia kushoto na kioo kinakuonyesha mengi kuliko yaliyomo. Leo yako katikati ya duara. Ndipo nikaenda kunywa chai.

Safari yenyewe ni ya shughuli. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anashona nguo Kolwezi. Mwezi wa tano alinipa kichwa cha cherehani yake nikipeleke kwa fundi huku mjini, na fundi amekimaliza wiki iliyopita. Halafu kifungua mimba wake amefaulu mtihani wa Serikali, anataka kuja kujiandikisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na mama yake hataki apande lori. Basi kwenda nabeba cherehani, kurudi nabeba mwipwa.

Kichwa cha cherehani nimekizungushia blanketi, kimeingia boksi la kulia. Boksi la kushoto lina zana, lita moja ya mafuta ya injini, pampu ya mguu na kilo tano za sukari za kusawazisha uzito. Nimepima kwa mikono, hili moja, hili moja. Pikipiki yenye maboksi yasiyolingana inakuvuta upande mmoja njia nzima, na jioni bega linakuuma usijue kwa nini.

Watu wananiuliza kila mara: kwa nini pikipiki kubwa namna hii, na kama ni kubwa, kwa nini hii isiyo na manyoya? Haina kioo kikubwa cha upepo, haina plastiki za mashindano, haijainuliwa kama zile za kuvuka jangwa. Ni injini, tangi, kiti na usukani ulio mahali mikono inapotaka kukaa. Nilitafuta muda mrefu kitu cha namna hiyo. Mimi ni fundi wa pampu za maji. Jumatatu hadi Jumamosi naingia mitaa ya hapa Lubumbashi, Kenya, Kampemba, Ruashi, kisha siku moja naitwa Likasi. Pikipiki ya michezo ingenivunja kiuno kwenye matuta. Ile ndefu ya jangwani ingenisumbua miguu kila ninaposimama kwenye msongamano, maana mimi si mrefu. Hii nakaa wima, miguu inagusa chini, na naona juu ya paa za taksi.

Yangu ilitengenezwa mwaka 2002, nikainunua ikiwa imetumika, ilikuja kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Aina yenyewe iliingia sokoni 2001. Injini ni ya sentimita za ujazo 1130, nguvu za farasi 85, na msukumo wa nyutoni-mita 98. Vijana wanauliza farasi. Mimi nawaambia waulize ile namba ya mwisho, kwa sababu ndiyo unayoihisi ukiwa nyuma ya lori kwenye kilima, gia ya nne, mkono umegeuka kidogo tu, na pikipiki inaondoka bila kupiga kelele.

Pale barabara ya Likasi inapoanza, kijana wa wewa, taksi ya pikipiki, alisimama kando yangu kwenye foleni. Akazitazama silinda zilizotokeza kila upande, akaniuliza:

— Papa, hii nayo ni Boxer?

Swali la haki kabisa. Yeye alikuwa juu ya Boxer ya Bajaj, ambayo hapo ni jina tu: ina silinda moja iliyosimama. Yangu ni bokser kwa umbo la injini, yaani silinda mbili zimelala zikitazama pande mbili, pistoni zinatoka pamoja na kurudi pamoja kama ngumi za mabondia wanaosalimiana. Mhandisi Max Friz aliichora namna hiyo kwa pikipiki ya kwanza ya BMW, R 32, mwaka 1923, akaweka na shafti badala ya mnyororo. Zimepita zaidi ya miaka 75 hadi kufika hii yangu, na wazo ni lile lile. Nilimwambia kijana apige gesi kidogo kwenye yangu huku ameshika usukani. Pikipiki ikainama kulia. Akacheka, akapiga tena. Ni kwa sababu mhimili wa injini umelala kuelekea mbele, si kukata upana, hivyo ukiongeza mzunguko chombo kizima kinajibu kwa kuegemea.

Njia ilikuwa na malori mengi kama kawaida. Shaba inatoka, tindikali na mashine zinaingia, na sisi wadogo tunapita katikati. Pembezoni magunia ya makala, yaani makaa, mengine marefu kuliko mtoto aliyekaa kuyalinda. Kapolowe nilisimama nikanunua samaki wakavu wa ziwa la Tshangalele kwa ajili ya mwenyeji wangu. Nikafungia kamba kwenye kiti cha nyuma, na harufu ikanifuata hadi Likasi.

Ijumaa. Likasi – Kolwezi, kilomita kama 180

Jana usiku kwa rafiki yangu, kule upande wa Shituru, ua ulikuwa na mteremko na udongo laini. Stendi ya katikati isingeshika, nikaegemeza kwa stendi ya pembeni. Nilijua kitakachotokea asubuhi lakini sikuwaambia wenyeji, na hilo lilikuwa kosa. Nilipobonyeza stata, wingu la moshi wa buluu likajaza ua mzima. Mama wa nyumba alitoka jikoni na ndoo ya maji.

— Papa, inaungua! Inaungua!

Haiungui. Usiku mafuta kidogo yanajipenyeza kwenye silinda ya kushoto iliyoinama chini, na asubuhi yanachomwa. Dakika mbili na moshi umekwisha. Nilimwomba radhi kwa ajili ya nguo zake kwenye kamba, na nitamwomba tena nikipita. Anayenunua injini ya aina hii ikiwa imetumika alijue jambo hili, asije akafukuza pikipiki nzima kwa moshi wa dakika mbili. Moshi usiokwisha ndio wa kuogopa.

Ukitoka Likasi kuelekea Kambove barabara inapanda na kujikunja, na hapo ndipo ninapoipenda pikipiki hii kuliko mahali popote. Mwisho wa Agosti miombo inaanza kutoa majani mapya, mekundu kama kutu, wakati nyasi chini yake zimeungua nyeusi kwa moto wa wawindaji. Mvua bado haijafika. Hewa ina moshi na vumbi, asubuhi kuna kibaridi, lakini silinda ziko mbele ya miguu yangu na zinanipasha moto kama niko karibu na jiko.

Kwenye kona moja lori lililo mbele likafunga freni ghafla. Nami nikabana. Pikipiki za kawaida hapo hupiga magoti, pua inazama chini na uzito wote unakuja mikononi. Hii ina mkono wa chuma unaounganisha uma wa mbele na injini, unaoitwa Telelever, na kazi yake ni kupeleka nguvu ya freni kwenye mwili wa pikipiki badala ya kuzamisha springi. Nilipunguza mwendo huku nimekaa sawa, nikapata nafasi ya kuangalia kioo cha nyuma kabla ya kuamua pa kupita. Ni sekunde moja hivi. Kwenye barabara ya malori sekunde moja ni mali.

Karibu na Fungurume nikahisi nyuma inaogelea. Ile hisia ya kukaa juu ya godoro. Nikaondoa gesi polepole bila kugusa freni ya nyuma, nikatoka pembeni. Msumari, wa urefu wa kidole, umezama katikati ya tairi.

Tairi za R 1150 R hazina tyubu, na hilo liliniokoa, kwa sababu upepo ulitoka taratibu, haukulipuka. Nilikuwa na vipande vya mpira vya kuzibia lakini gundi yake ilikuwa imekauka kwenye kopo. Sikuikagua kabla ya kutoka. Nilisukuma upepo kwa pampu ya mguu, nikaenda mita mia tatu, nikasukuma tena, hivyo hivyo hadi kwa kwado mmoja, mziba pancha, chini ya mwembe, mwenye kompresa ya kuendeshwa kwa moteri ya kinu.

Kwado ni mzee. Alizunguka pikipiki mara mbili bila kusema, akitafuta mnyororo.

— Mnyororo uko wapi, mwana?

— Haina, muzee. Ina shafti ndani ya huu mkono, kama lori.

— Na gurudumu linatokaje?

Nikampa spana. Upande wa kulia kuna mkono mmoja mnene unaobeba gurudumu, upande wa kushoto hakuna kitu. Gurudumu la nyuma linafungwa kwa boliti nne kama la gari. Likiwa juu ya stendi ya katikati, alizifungua zote nne, akalivuta gurudumu kwa mikono miwili, akabaki amelishika kifuani. Hakuna mnyororo wa kulegeza, hakuna mhimili wa kuchomoa, hakuna kupima tena kama gurudumu limekaa mraba. Alilitazama lile shimo tupu pale gurudumu lilipokuwa, akaita mwanawe aje kuona. Mimi nimeendesha pikipiki za mnyororo miaka kumi na kitu katika vumbi la Katanga. Vumbi letu na grisi vikikutana vinakuwa msasa, unapaka mafuta jioni na asubuhi meno yamekula. Kwa shafti nabadilisha kikombe kimoja kidogo cha mafuta ya gia, basi.

Alitoa tairi upande mmoja, akabandika kiraka cha ndani, kizuri, akakikandamiza muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Upepo tukaujaza hadi bar 2.5. Nilimlipa alichosema bila kubishana. Nilichelewa saa mbili na zaidi, lakini sikulala njiani.

Peaje, pale tunapolipia barabara, daraja la mto Lualaba, maji ya rangi ya kijani kibichi chini yake, halafu Kolwezi. Tangi linabeba lita 20.4 na hii yangu inakula kama lita tano na nusu kwa kilomita mia kwa mwendo wa kiungwana. Nilijaza Lubumbashi, sikununua hata chupa moja ya esansi, yaani petroli, kwa makadhafi, wale wachuuzi wake wa njiani. Nasema hivi kwa uzito. Esansi ya chupa hujui imechanganywa na nini, na pikipiki inayokufikisha Kolwezi kwa tangi moja imekuondolea hatari hiyo kabisa.

Yaya alifungua blanketi kabla hajanikaribisha kiti. Alizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, akasikiliza, kisha ndipo akaniambia karibu. Bukari, yaani ugali, sombe, yaani kisamvu, na samaki wa Kapolowe waliobaki.

Jumamosi. Kolwezi

Siku ya supapu. Nilikuwa nimesikia tangu Likasi kamlio kadogo upande wa kulia, tiki-tiki, injini ikiwa bado baridi. Ningeweza kusubiri, lakini yaya ana ua wenye sakafu ya saruji, na mwipwa alikuwa anazungukazunguka akitafuta kazi ya mikono. Jina lake la nyumbani ni Fundi tangu mtoto, kwa hiyo nikamwambia leo alitafutie maana.

Kazi hii inafanywa injini ikiwa baridi kabisa, hivyo tulianza kabla ya uji. Na hapa ndipo umbo la bokser linapolipa. Kwenye pikipiki ya silinda nne zilizosimama unatoa tangi, unatoa boksi la hewa, unapoteza nusu ya siku kabla hujaona supapu hata moja. Hapa kifuniko kiko hewani, mbele ya goti lako. Unaweka beseni chini, unafungua boliti chache, kinatoka, na supapu nne zinakutazama: mbili za kuingiza hewa upande wa nyuma, mbili za kutoa moshi upande wa mbele.

Nilimwonyesha kutia gia ya juu na kuzungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole, huku nikichungulia tundu dogo lenye kizibo cha mpira upande wa kulia, nyuma ya silinda. Ndani yake alama ya OT inapita. Ikisimama katikati ya tundu na supapu zote nne za upande huo ziko huru, pistoni iko juu kwenye mbano, ndipo unapima.

— Mjomba, nitajuaje kuwa ni huru?

— Shika roka, huu mkono unaosukuma supapu, itikise. Ikicheza kidogo, ni huru. Ikikataa, zungusha duara moja tena.

Vipimo vya nafasi kati ya roka na supapu ni milimita 0.15 kwa supapu za hewa na 0.30 kwa za moshi. Za moshi zinaachiwa zaidi kwa sababu zinapata joto kali na kurefuka. Alipitisha bati la kupimia yeye mwenyewe. Moja ya moshi, kulia, ilikuwa imelegea. Bati la 0.30 lilipita bila kugusa popote. Tukalegeza nati, tukageuza skrubu kwa unywele, tukakaza nati, tukapima. Unapokaza nati skrubu inajizungusha kidogo na kipimo kinapotea, hivyo tulirudia mara tatu. Mara ya nne nilimwachia peke yake, nikaenda kunawa. Niliporudi alikuwa amefunga na bati linapita kwa msuguano ule unaotakiwa, kama kuvuta karatasi chini ya kitabu.

Kushoto kulikuwa sawa kote. Tulipowasha, tiki-tiki imekwenda. Sauti ya injini hii ikiwa na afya si nyororo, ina kishindo kidogo cha mashine ya shamba, na mimi hiyo ndiyo ninayotaka kusikia.

Jumapili. Kolwezi

Misa, kisha michopo, nyama choma, kwa shemeji huko Manika. Pikipiki ililala.

Jumatatu. Kolwezi – Lubumbashi, kilomita kama 300

Kabla ya kupakia nilibadilisha mambo mawili. Upepo: mbele 2.5, nyuma 2.9, kwa sababu sasa tuko wawili. Na springi ya nyuma: kuna kirungu cha kuzungusha kwa mkono pembeni chini ya kiti, nilikikaza hadi karibu na mwisho. Pikipiki ikiwa na maji yake yote na tangi limejaa ina kilo 238 na inaruhusiwa kufika 450 pamoja na mizigo. Mwipwa hana hata sitini, begi lake la vitabu ndilo zito. Sufuria ambayo yaya alitaka tuibebe juu ya begi niliikataa. Alinuna. Nilimweleza kuwa kitu kirefu nyuma ya mpanda wa pili kinainua pua ya pikipiki na usukani unakuwa mwepesi mno kwenye mwendo. Alinuna bado. Akatufungia chikwange, mkate wa muhogo, badala yake, na hiyo nikaipokea.

Kilomita arobaini za kwanza mwipwa alikuwa anaegemea kinyume na kona. Kila nikiinamisha kushoto, yeye anajivuta kulia, anaogopa lami. Niliisikia pikipiki inasita katikati ya kona kama mtu anayevutwa shati. Tukasimama kabla ya daraja. Sikumfundisha fizikia. Nilimwambia: kona ya kushoto, tazama juu ya bega langu la kushoto, ya kulia, la kulia, mengine usiyafanye. Kuanzia hapo hadi Likasi nilisahau kama nina mtu nyuma, isipokuwa pale tulipopita Fungurume akanigonga mgongoni kunionyesha mzee wa kwado. Tulipunga mkono. Kiraka kilikuwa kinashika.

Likasi tulisimama kwa yule rafiki. Nilitafuta jiwe bapa, nikaliweka chini ya stendi ya katikati, na mama wa nyumba akanisimamia kuhakikisha.

Baada ya Kapolowe foleni ya malori ilisimama, ajali ndogo mbele, hakuna aliyeumia. Hapa nataka kusema ubaya wa pikipiki yangu, maana upo. Injini inapozwa kwa hewa na mafuta, na hewa haiji ukiwa umesimama. Katika foleni ya nusu saa joto linapanda mapajani, na dawa ni kuzima injini. Klachi yake ni kavu ya bamba moja, kama ya gari, haiogelei katika mafuta. Ukiwa unatambaa mita mbili mbili huku umeishika nusu, unaichoma, na kuibadilisha kunadai kutenganisha pikipiki katikati. Kwa hiyo nangoja nafasi ifunguke mita ishirini, naachia klachi yote, natembea, nazima tena. Madereva wa nyuma wanapiga honi. Wapige.

Nilitaka kufika kabla ya giza kwa sababu nyingine. Taa ya pikipiki hii imetengenezwa kwa nchi wanakopita kushoto. Mwanga wake wa chini unapanda upande wa kushoto, na huku kwetu tunakopita kulia huo ndio upande wa anayekuja. Nimeishusha kadiri skrubu inavyoruhusu, bado haitoshi. Kioo cha taa cha upande wetu nimekwisha kuagiza. Mpaka kifike, usiku siendi mbali.

Jua lilikuwa limeshika bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba, tulipoingia mjini. Mwipwa hakuwa ameiona Lubumbashi tangu akiwa na miaka sita. Aliomba tupite mbele ya lango la chuo, nami nikakataa, tairi ilikuwa na safari ya kutosha. Nyumbani aliiweka mwenyewe juu ya stendi ya katikati: mguu wa kulia juu ya kikanyagio, uzito wote hapo, mkono unaelekeza tu. Ilipanda mara ya pili.

Nimezungusha gurudumu la nyuma chini ya taa ya uani. Kiraka ni kizima, lakini nyuzi za tairi zimeguswa na msumari, zinaonekana zimefunguka kidogo ndani ya tundu. Kwa mizunguko ya mjini, polepole, bila mtu nyuma, itanivusha siku chache. Kwa Kolwezi hapana. Mwipwa atakwenda chuoni kwa taksi. Nimemwandikia jamaa anayeshuka Kitwe, Zambia, wiki hii: 170/60, inchi 17, ya nyuma, isiyo na tyubu, na aangalie tarehe iliyochapwa ubavuni kabla ya kulipa.